Mmoja na Nusu

Wasinhala wa Sri Lanka wana kitabu cha kale kiitwacho Mahavamsa. Kiliandikwa na watawa wa Kibudha kwa lugha ya Kipali, yapata karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo, nacho kimekaa kwao kama vile Samweli na Wafalme vilivyokaa kwetu: humo mna wafalme wao na vita vyao, na humo wanasoma kwamba kisiwa chao kiliteuliwa kuitunza dini. Tunataka kuizungumzia sura ya 25 ya kitabu hicho. Tunaamini kwamba anayeisoma vizuri ataelewa mengi yaliyotokea kati ya Wasinhala na Watamil katika siku zetu. Na Kanisa la kule halikuwa pembeni ya mambo hayo, limo ndani yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Elara, Mtamil aliyevuka bahari kutoka nchi ya Wachola huko India Kusini, aliutwaa mji wa Anuradhapura akatawala miaka 44. Mwandishi hafichi sifa zake ingawa hakuwa Mbudha. Anasimulia kwamba penye kitanda cha mfalme palikuwa na kengele yenye kamba ndefu, ili kila aliyedhulumiwa aivute. Siku moja aliyeivuta alikuwa ng'ombe, maana gari la mwana wa mfalme lilikuwa limemkanyaga ndama wake. Na Elara akamhukumu mwanawe afe kifo kile kile. Ndipo kusini, katika nchi ya Ruhuna, akainuka kijana wa Kisinhala, Dutugemunu. Akatia masalio matakatifu ya Budha katika mkuki wake, akaandamana na watawa, akapigana mji baada ya mji mpaka Anuradhapura. Wafalme wale wawili wakakutana wakiwa juu ya tembo, na Elara akauawa.

Hadi hapo ni hadithi ya vita kama nyingine. Yanayofuata ndiyo yenye uzito. Dutugemunu aliwakusanya watu wa mji, akamfanyia adui yake mazishi ya heshima, akajenga mnara mahali pale na kuagiza paheshimiwe. Mwandishi anaongeza kwamba hata katika siku zake yeye, karne nyingi baadaye, wakuu wa Lanka wakikaribia mahali hapo walinyamazisha ngoma zao. Kisha mfalme akakosa raha. Aliwafikiria watu wasiohesabika waliokufa kwa ajili yake, na furaha ya ushindi ikamtoka. Watawa wanane wakaja kumfariji. Wakamwambia asihuzunike, kwa kuwa katika maiti wote wale alikuwa ameua watu mmoja na nusu tu: mmoja alikuwa amemkimbilia Budha na mafundisho yake na jumuiya yake, na yule wa nusu alikuwa ameshika amri tano. Waliobaki walikuwa wasioamini, watu wa kuhesabiwa pamoja na wanyama.

Basi sura moja, na ndani yake mashauri mawili. La kwanza ni kaburi la adui, ambalo hata mshindi hulipita kwa unyamavu. La pili ni hesabu inayomruhusu mshindi alale usingizi. Kinachotushangaza ni kwamba mwandishi ameyaweka yote mawili, asione haja ya kuyapatanisha. Wala sisi tunaosoma Yoshua na 1 Samweli 15 hatuna uso wa kuwanyooshea watawa wale kidole. Kwetu pia kuna kurasa ambazo aliyekufa hahesabiwi, na tumezihubiri bila kusita.

Kabla ya kwenda mbele, neno kuhusu watu wenyewe. Kati ya kila watu 100 wa kisiwa hicho, karibu 75 ni Wasinhala, wengi wao Wabudha. Kama 15 ni Watamil, wengi wao Wahindu: baadhi ni wenyeji wa kaskazini na mashariki, na wengine ni wazao wa vibarua walioletwa na Waingereza kutoka India kuchuma kahawa na baadaye chai milimani. Waislamu, ambao wengi wao husema Kitamil lakini hujiona taifa la peke yao, ni kama 9 au 10. Wakristo ni karibu 7, nao wamo Wasinhala na Watamil pia. Hakuna dini nyingine kisiwani humo ambayo imewakalisha watu wa lugha hizo mbili katika benchi moja kwa kiasi hicho. Tutaona walifanyaje na nafasi hiyo.

Tuseme pia kwamba wanahistoria wametuonya tusidhani kwamba vita vya Dutugemunu vilikuwa vita vya makabila kama tunavyoyajua leo. Msomi wa Kisinhala, R.A.L.H. Gunawardana, aliandika mwaka 1979 makala mashuhuri yenye jina la "Watu wa Simba", akionyesha jinsi maana ya kuwa Msinhala ilivyobadilika karne kwa karne. Wafalme wa mwisho wa Kandy, waliowalinda watawa na mahekalu ya Kibudha mpaka Waingereza walipoitwaa nchi mwaka 1815, walikuwa wa ukoo wa Nayakkar kutoka India Kusini. Na kwenye pwani ya Negombo, ambako karibu kila kijiji ni cha Kikatoliki, kuna familia nyingi za Kisinhala ambazo mababu zao walisali na kuvua samaki kwa Kitamil. Shule zikafundisha Kisinhala, watoto wakakishika, na baada ya vizazi viwili vitatu watu wakawa Wasinhala. Hakuna aliyehamishwa wala aliyepigana. Mtu anayesema damu hizi mbili ni mafuta na maji aanzie Negombo.

Tukirudi kwenye kaburi: nje ya Anuradhapura kulikuwa na kilima kikubwa cha matofali ambacho watu kwa muda mrefu walikiita kaburi la Elara. Mwingereza Jonathan Forbes, aliyeishi kisiwani katika karne ya 19, aliandika kwamba mwaka 1818 chifu mmoja wa Kandy, akiwakimbia Waingereza baada ya uasi kushindwa, alishuka kwenye machela yake akatembea kwa miguu mpaka alipohakikishiwa kwamba amekwisha kulipita kaburi hilo. Hebu tumfikirie mtu huyo: anatafutwa, amechoka, na bado anashuka kwa ajili ya mfalme wa Kitamil aliyekufa miaka elfu mbili nyuma. Katika karne ya 20 wanaakiolojia walisema kilima hicho si kaburi la Elara bali ni stupa ya kale, na baadaye ikadaiwa kwamba majivu yaliyopatikana humo ni ya Dutugemunu mwenyewe. Mwanazuoni wa Kitamil, James Rutnam, akaandika kupinga. Hatuwezi sisi kuamua ugomvi wa wanaakiolojia. Tunaona tu kwamba wakati vijana wa pande zote mbili walipokuwa wanajiandaa kuuana, alama ya heshima kwa adui iliondoka kwenye ramani, na mahali pake pakapewa mshindi.

Siasa ilikuwa imekwisha kuchagua hesabu kabla ya hapo. Uhuru ulipatikana Februari 1948, na kabla mwaka haujaisha sheria ya uraia iliwaacha mamia ya maelfu ya Watamil wa mashamba ya chai bila nchi. Wapo waliozaliwa pale na kuzikiwa wazazi wao pale; sheria ikasema si wa hapa. Mwaka 1956 S.W.R.D. Bandaranaike alishinda uchaguzi kwa ahadi ya kuifanya Kisinhala kuwa lugha pekee ya serikali, na sheria hiyo ikapita mwezi Juni. Viongozi wa Kitamil walikwenda kuketi kimya kwenye uwanja wa Galle Face, Colombo, kupinga bila silaha, wakapigwa na kundi la watu.

Hapa Mkristo hana budi kusimama kidogo. Bandaranaike alilelewa katika Kanisa la Anglikana, akaingia Ubudha akiwa mtu mzima. Aliyeongoza upande wa Watamil, S.J.V. Chelvanayakam, alikuwa Mkristo mpaka kufa, akiwaongoza watu ambao wengi wao walikuwa Wahindu. Wote wawili walipitia shule ile ile ya Kianglikana, S. Thomas' College. Mwaka 1957 waliketi wakatia saini mapatano: Kitamil kipewe nafasi ya kiserikali kaskazini na mashariki, na mabaraza ya mikoa yapewe madaraka. Lingekuwa jambo dogo kwa gharama kuliko yote yaliyokuja baadaye. Chama cha upinzani kikaandaa maandamano ya kwenda Kandy kuyalaani, na Aprili 1958 watawa wakaja kukaa mbele ya nyumba ya waziri mkuu mpaka akayavunja. Mwezi uliofuata damu ikamwagika. Mwaka 1959 Bandaranaike mwenyewe alipigwa risasi na mtawa. Tumewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa kama ushahidi wa ubaya wa Ubudha, na tunakataa usomaji huo. Watu wawili waliofunzwa Sala ya Bwana katika shule moja walifanya agano, mmoja akalivunja kwa kuogopa kura. Ubudha haukuwa na haja ya kumfundisha hilo.

Tutapita haraka juu ya miaka iliyofuata. Katiba ya 1972 iliupa Ubudha nafasi ya kwanza. Usiku wa kuamkia Juni 1, 1981, maktaba ya umma ya Jaffna ilichomwa moto, na polisi wakiwamo katika waliofanya kazi hiyo. Vitabu na hati za majani ya mtende vipatavyo 97,000 viliteketea. Inasimuliwa kwamba Padre H.S. David, mtaalamu wa lugha aliyekuwa akiishi karibu, aliuona moto ule kutoka ghorofani akaanguka akafa.

Julai 1983 ndiyo siku Watamil wanazozihesabia kabla na baada. Tarehe 23 Tamil Tigers waliwaua askari 13 huko Jaffna. Kesho yake makundi yakaanza kuzunguka Colombo yakiwa na daftari za wapiga kura mikononi, yakijua nyumba ipi ni ya Mtamil na ipi ni ya kuruka. Katika gereza la Welikada wafungwa wa Kitamil 53 waliuawa katika siku mbili tofauti. Baada ya siku ya kwanza kila mtu alijua, na bado ikaja ya pili. Serikali ilisema waliokufa nchini kote ni kama 400. Wengine wanafikisha 3,000. Rais J.R. Jayewardene alipojitokeza hatimaye kwenye televisheni, alieleza hasira za Wasinhala, akaahidi sheria ya kuzuia madai ya kujitenga, na kwa waliouawa hakuwa na neno la pole. Mmoja na nusu.

Lakini makala hii ingekuwa ya uongo kama ingeishia hapo, na Watamil wenyewe ndio waliotufundisha hivyo. Tamil Tigers walikuwa na hesabu yao. Mei 1985 waliingia Anuradhapura, mji ule ule wa Elara na Dutugemunu, wakawapiga risasi mahujaji na wasafiri. Waliokufa walikuwa 146. Agosti 1990 waliwaua Waislamu zaidi ya 100 waliokuwa wakiswali katika misikiti ya Kattankudy. Oktoba mwaka huo waliwafukuza Waislamu wote wa kaskazini, watu wapatao 70,000 na zaidi, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kitamil. Mjini Jaffna walipewa saa mbili. Waliacha nyumba, maduka na misikiti, wakaondoka na nguo walizovaa.

Wahindu huchoma maiti, lakini Tigers waliwazika wapiganaji wao katika makaburi makubwa yaliyopangwa safu kwa safu, na kila Novemba 27 familia ziliwasha taa. Hatuna neno dhidi ya mama anayewasha taa kwa mwanawe. Tuna neno dhidi ya utaratibu uliosema nani ni wa kuwashiwa. Katika makaburi yale hapakuwa na mahali pa Watamil waliouawa na Tigers kwa kuitwa wasaliti, wala pa watoto wa shule walioingizwa vitani kwa nguvu isipokuwa wamekwisha kugeuzwa mashujaa.

Ndiyo maana tunakitaja kwa heshima kitabu The Broken Palmyra, kilichoandikwa na walimu wanne wa Chuo Kikuu cha Jaffna. Ni kitabu kigumu kukisoma na hakina mpangilio mzuri. Mahali pengine kinakwenda kama ripoti, mahali pengine kama kilio. Thamani yake ni kwamba kiliandikwa ndani ya Jaffna, wakati wa vita, kikawahukumu wote: jeshi la Sri Lanka, jeshi la India lililokuja mwaka 1987 kama mlinzi wa amani, na Tigers wenyewe. Mmoja wa walioandika, Dk. Rajani Thiranagama, mwalimu wa anatomia aliyelelewa katika familia ya Kikristo na kuolewa na Msinhala, alikuwa amewahi kuwaunga mkono Tigers kabla ya kuwaona kwa karibu. Alipigwa risasi akirudi nyumbani kwa baiskeli, Septemba 21, 1989. Vitabu vingi vya kumbukumbu tulivyosoma kuhusu vita hivi huandika dhambi za upande wa pili. Amosi anawaanza Dameski na Gaza na Tiro, msikilizaji anaitikia amina, kisha nabii anageukia Yuda na Israeli. Rajani na wenzake waliruka Dameski wakaanza moja kwa moja na nyumbani.

Vita vilikwisha Mei 2009 katika kipande chembamba cha mchanga huko Mullivaikkal, raia wakiwa wamebanwa kati ya mizinga ya jeshi na Tigers waliowazuia kutoka kwa kuwapiga risasi. Serikali ilikuwa ikisema kwamba mpango wake ni kutoua raia hata mmoja. Hata ile nusu iliondolewa. Jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba raia waliokufa huenda wakafika 40,000. Mapema mwaka huo Askofu Rayappu Joseph wa jimbo Katoliki la Mannar alikwenda mbele ya tume ya serikali akiwa na takwimu za serikali yenyewe: idadi ya wakazi waliokuwa katika eneo lile kabla, na idadi ya waliotoka. Akauliza wako wapi watu 146,679. Hakusema wamekufa, aliomba aelezwe. Alihojiwa na polisi kwa ajili ya swali hilo, akaitwa rafiki wa magaidi, akafa mwaka 2021 bila kujibiwa. Katika mambo yote yaliyofanywa na viongozi wa Kanisa katika vita vile, hili linatugusa kuliko mengine, kwa sababu askofu alichukua chombo cha wauaji, yaani hesabu, akakitumia kuwarudisha watu.

Ushindi ukajengewa minara. Kwenye barabara ya kaskazini, Kilinochchi, kuna pande kubwa la zege lililopasuliwa na kombora, na juu yake ua la yungiyungi. Makaburi ya Tigers nayo yakasawazishwa kwa tingatinga, na pale Kopay, karibu na Jaffna, jeshi likajenga makao ya divisheni yake ya 51 juu ya makaburi yenyewe. Tukumbuke kwamba wanaofanya hayo hujiita warithi wa Dutugemunu. Rais wa wakati ule, Mahinda Rajapaksa, alifananishwa naye kwenye mabango na nyimbo. Mrithi huyo aliisoma nusu ya sura. Tunasema hili kama wasomaji tu, kwa kigezo cha kitabu chao, bila kuleta Injili yetu: Mahavamsa iliamuru mshindi anyamazishe ngoma penye kaburi la adui.

Na Kanisa? Katika siku zile za 1983 askofu wa Anglikana wa Kurunegala, Lakshman Wickremesinghe, Msinhala wa ukoo mkubwa, alikuwa nje ya nchi kwa matibabu ya moyo. Alirudi akiwa mgonjwa, akazunguka kuwaona waliochomewa nyumba, na Septemba akaiandikia dayosisi yake hotuba ya mwisho. Alisema kwa wazi kwamba waliyotendewa Watamil hayawezi kutetewa kwa msingi wowote wa maadili, na kwamba Wasinhala wanapaswa kukiri aibu yao na kuomba radhi. Hakusema "wahuni wachache". Alisema sisi. Mwezi uliofuata alifariki.

Tungependa kusema kwamba Kanisa lote lilimfuata. Halikumfuata. Julai 1995 ndege za serikali zililipiga kanisa la Mtakatifu Petro huko Navaly, watu waliokimbia vita wakiwa wamejaa humo na kuzunguka humo, na zaidi ya 100 wakafa. Wakatoliki wa kusini waliendelea na ratiba zao. Vita vilipokwisha, maaskofu wa kaskazini waliomba uchunguzi wa nje, na Kadinali Malcolm Ranjith wa Colombo aliona azimio la Geneva la mwaka 2012 kuwa ni kuingilia mambo ya nchi. Kisha ikaja Pasaka ya Aprili 21, 2019. Mabomu ya watu wenye itikadi kali za Kiislamu yalilipuka katika makanisa matatu na mahoteli: Kochchikade mjini Colombo, Katuwapitiya huko Negombo, na kanisa la Kiinjili la Zion huko Batticaloa. Zaidi ya watu 250 waliuawa, Wasinhala na Watamil katika ibada moja. Ikajulikana kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vimeonywa. Kadinali akadai ukweli, akazungushwa, akachoka; na Machi 2022 akasimama Geneva, mbele ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, akiomba dunia iingilie.

Hatuandiki hili kwa kumcheka. Ni mchungaji aliyezika watoto wake, na ushupavu wake tangu siku ile unastahili sifa. Lakini akina mama wa Kitamil walioketi kando ya barabara za Kilinochchi na Vavuniya tangu Februari 2017, wakiwa na picha za watoto wao waliochukuliwa wasirudi, walikuwa wamekwisha kuigonga milango hiyo hiyo. Kanisa lililo na watu wa lugha mbili lingeweza kulijua jambo hili miaka kumi mapema, kwa kusikiliza tu mapadre wake wenyewe. Mara nyingi Kanisa la Sri Lanka huitwa daraja kati ya makabila, nasi tumechoka na neno hilo. Daraja halihitaji kuumia popote.

Biblia inatupa picha iliyo bora zaidi katika 2 Samweli 21, nayo husomwa kanisani mara chache. Rispa, suria wa Sauli, alinyang'anywa wanawe wawili wakatundikwa pamoja na wengine watano ili kulipa deni la damu. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Daudi aliposikia, akaikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani na ya wale waliotundikwa, akaizika katika kaburi la Kishi. Baada ya hayo, mwandishi anasema, Mungu aliiridhia nchi. Tuangalie mahali neno hilo lilipowekwa. Halikuwekwa baada ya kutundikwa kwa wale saba, ingawa njaa ndiyo iliyokuwa sababu. Liliwekwa baada ya mifupa ya nyumba ya adui kuzikwa. Na mfalme asingezika kama mwanamke yule angekubali kwenda nyumbani.

Sri Lanka ina akina Rispa wa pande zote. Kati ya 1987 na 1990, serikali ilipopambana na uasi wa vijana wa Kisinhala wa chama cha JVP, makumi ya maelfu waliuawa au kupotezwa, na mama zao waliandamana kusini kama mama wa Jaffna walivyokuwa wameandamana mwaka 1984. Huko Raddoluwa, karibu na Negombo, kuna mnara wenye nyuso za waliopotezwa, na familia hukutana hapo kila Oktoba 27. Maumivu ni yale yale; kwa miaka mingi hawakusikilizana kwa sababu kila upande ulifundishwa kwamba mwana wa upande wa pili alistahili.

Kila Mei Watamil hupika uji wa Mullivaikkal. Ni mchele, maji na chumvi, basi, kwa kuwa ndicho chakula kilichokuwapo katika siku za mwisho za vita, watu wakipanga foleni chini ya mizinga. Mei 18, 2022, wakati wa maandamano makubwa ya kumwondoa Rais Gotabaya Rajapaksa, uji huo uligawiwa kwenye uwanja wa Galle Face, pale pale walipopigwa viongozi wa Kitamil mwaka 1956. Wasinhala, Watamil, Waislamu, watawa na mapadre waliunywa pamoja. Miaka miwili baadaye, Sampur, upande wa mashariki, polisi waliwakamata watu kwa kosa la kuugawa uji huo huo, wanawake wakiwamo.

Na iko karatasi moja ambayo haijapatikana. Mei 18, 2009, karibu na daraja la Vadduvakal, Padre Francis Joseph, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha St. Patrick's cha Jaffna, alikwenda pamoja na wapiganaji na familia zao waliojisalimisha kwa jeshi. Mashuhuda wamesimulia kwamba aliandika majina yao, mmoja mmoja, kisha akapanda nao basi. Hakuonekana tena, wala wao. Juni 2017 Rais Maithripala Sirisena alikutana na familia mjini Jaffna akaahidi kwamba orodha za waliojisalimisha zitatolewa. Akina mama bado wako kando ya barabara, wakiidai.